Lenzi ya Helios 44-2 ya mjomba kwenye kamera ya Sony A7 II, miezi 8 baadaye

Wadau habari zenu. Nimeulizwa sana zile picha za bibi harusi chini ya mwembe nimepiga na lenzi gani, wengi wanadhani ni ile lenzi ya 85mm ya bei mbaya, hapana jamani, ni Helios 44-2, 58mm f/2 (namba ya f ni upana wa tundu la mwanga, ikiwa ndogo tundu ni pana), lenzi ya Urusi enzi za Usovieti, imetoka Tanga kwenye kabati la mjomba wangu. Ngoja niwaelezee vizuri maana nimeitumia miezi 8 sasa, kazini na nje ya kazi, na kuna vitu natamani mtu angeniambia mapema.

Mjomba alisoma Moscow miaka ya 80 mwanzoni, vijana wengi wa kwetu walikwenda kusoma kule kipindi hicho, akarudi na kamera ya filamu ya Zenit-E ile yenye nembo ya Olimpiki ya 1980 pale mbele. Shata ya kamera (pazia linalofunguka kupitisha mwanga) imekufa kitambo ila lenzi inafungwa kwa kuzungusha kama bolti, ndo mfumo wanaouita M42, ukiizungusha kinyume inatoka mkononi. Namba yake inaanza na 79, na kwa Helios nyingi tarakimu mbili za mwanzo ndo mwaka zilipotoka kiwandani, kwahiyo imenizidi umri. Ramani yake Warusi waliitoa kwenye Biotar 58mm f/2 ya Carl Zeiss Jena, Mjerumani, vioo 6 ndani, chuma kitupu, hamna waya wala mota wala chipu.

Mara ya kwanza niliijaribu kwenye Nikon yangu ya zamani, DSLR, ile yenye kioo cha kujitazamia kinachoruka juu ukipiga, na adapta ya bei chee, kile kipande cha kuunganisha lenzi na kamera ya mfumo mwingine. Ikagoma. Mtu akikaa karibu napata fokasi, akisogea mita kadhaa hamna kitu, nikaamini lenzi mbovu nikairudisha kwenye mfuko wake mwaka mzima. Kumbe shida ni hesabu tu. Lenzi ya M42 inataka ikae milimita 45.46 kutoka kwenye filamu au sensa (kile kinachopokea picha ndani ya kamera), na Nikon ya kioo yenyewe tayari iko 46.5, yani kabla hata hujaweka adapta lenzi imeshakaa mbali kuliko inavyotakiwa, kwahiyo vitu vya mbali haiwezi kuvifikia mpaka adapta iwe na kilenzi ndani, na hicho kilenzi ndo kinaharibu picha. Sony mirolesi iko 18 tu kwa sababu hamna kile kioo cha kuruka juu, inabaki nafasi ya milimita 27 na nusu hivi ya kuweka bomba tupu la chuma, na lenzi inakaa palepale ilipozoea kukaa miaka yote. Ndo maana hata zile lenzi za zamani za Canon FD, ambazo Canon wenyewe walipohamia mfumo wa EOS ziliachwa solemba (FD ni 42, EOS ni 44), saa hizi watu wanazitafuta tena.

Nilipata A7 II iliyotumika kwa milioni 1 na laki 7. Adapta ya kwanza elfu 25, ya pili nimenunua K&F Concept elfu 60, nitarudi kwenye hilo.

Sasa kwa nini fulu fremu, yani kamera yenye sensa kubwa sawa na filamu kama hii A7 II. Hapa ndo penyewe. Watu wanaisifia Helios kwa ule mzunguko wa nyuma, majani yanakuwa kama yanamzunguka mtu, na mzunguko ule unakaa pembeni mwa picha, katikati haupo. Mwanga unaoingia kwa ulalo unakatwa na ukingo wa lenzi, basi zile duara za mwanga zikifika pembeni zinabanwa zinakuwa kama kokwa za tende, zote zimejipanga kuzunguka katikati. Ukiiweka kwenye sensa ndogo inakuwa kama 87mm, yani inaona eneo dogo zaidi, na zile pembe zote zinakatwa, unabaki na lenzi laini laini ya kawaida tu, sioni faida. Rafiki yangu anayo hiyohiyo kwenye Sony a6000 yenye sensa ndogo, tumesimama sehemu moja, mti uleule, f/2 wote, yake imetulia yangu inazunguka. Kama una sensa ndogo na unataka Helios kwa ajili ya mzunguko, hela yako itunze kwanza.

Hata kwenye fulu fremu mzunguko hauji wenyewe. Mtu awe mita moja na nusu mpaka mbili na nusu, nyuma yake kuwe na majani madogo madogo yanayopitisha mwanga, mwarobaini ni mzuri kuliko miti yote niliyojaribu, mwembe unafuata, na yale majani yawe nyuma mita 4 au 5 au zaidi. Ukuta haufanyi kitu. Bahari haifanyi kitu. Minazi kwa mbali inaleta fujo tu, mistari mirefu inakatana mpaka macho yanauma.

Kitu ambacho sikutegemea na ndo kimenifanya niipende kweli ni ngozi. Lenzi za sasa zina kontrasti kali, ukimpiga mtu mweusi kwenye jua la saa 6 upande wa kivuli unazama, inabidi uje kuhangaika kuuvuta kwenye kompyuta na ukiuvuta sana unakuwa wa kijivu. Hii Helios ule utando uliopakwa kwenye kioo kuzuia mng'ao ni wa zamani, mwanga unavuja kidogo ndani na kupaka vile vivuli, kwahiyo shavu la upande wa giza linabaki na rangi yake, unaona hudhurungi, unaona wekundu wa chini kwa chini. Nimempiga bibi yangu kizingitini mwake, kanga imemfunika kichwani, mlango nyuma ni giza tupu, na sikugusa kitu kwenye ile picha zaidi ya kuongeza weusi kidogo. Mama alipoiona alinyamaza muda mrefu. Sijawahi kupiga picha ya bibi iliyomfikia hivyo.

Ila huohuo uvujaji ukielekea jua moja kwa moja ni tatizo. Asubuhi Coco Beach, jua linatokea baharini, picha nusu nzima ukungu wa rangi ya chungwa, mara mbili imetoka nzuri ajabu na mara kumi haifai. Nakinga kwa mkono, inasaidia.

Ukali wake: f/2 katikati kuna ukali wa kutosha ila umefunikwa na ulaini fulani, kope utaziona lakini hazikati. f/2.8 inaamka. f/4 inakuwa lenzi kali kabisa na mzunguko ndo unaondoka, kwahiyo mi naishi kati ya 2 na 2.8. Ina pete mbili za apecha (lile tundu la mwanga), ya mbele inapiga klik unachagua mwisho wako, ya nyuma haina klik unafungua na kufunga kwa ulaini, zamani ilikuwa ili ufungue upate mwanga wa kufokasi halafu ufunge upige. Kwa video ile pete isiyo na klik ni raha.

Fokasi ni mkono mtupu. Kwanza kabisa ingia kwenye menyu uruhusu kamera ipige bila lenzi, maana Sony haijui kama kuna kitu mbele yake, wengi wanakwama hapo wanadhani adapta mbovu. Pili kituliza mtikisiko, A7 II kinatuliza hata lenzi ya mwaka 79 ila lazima umwambie mwenyewe ni ya milimita ngapi, weka karibu na 58, ukisahau ukaacha namba ya lenzi nyingine picha zinatikisika ajabu. Tatu zile rangi za kuonyesha palipo na fokasi, mi natumia njano, nyekundu kwenye ngozi yetu haionekani vizuri. Na zile rangi usiziamini kwa f/2! Zinakupaka kuanzia puani mpaka sikioni kama vyote viko sawa. Kuza jicho kwenye skrini, geuza pete taratibu, piga. Inachukua sekunde 4 mpaka 5 mtu akiwa ametulia.

Na hapo ndo harusi ilinishinda. Nilienda nayo kwenye send-off moja Sinza nikiwa na ujasiri wote, taa za ukumbini zile za kubadilika rangi, bibi harusi anaingia na wasindikizaji wanacheza, kila nikikuza jicho yeye kashasogea. Picha 212 za kuingia ukumbini, zinazofaa 19. Ilibidi niombe picha za mwenzangu aliyekuwa anasaidia na nilimrudishia mteja sehemu ya hela yake maana ilikuwa haki yake. Tangu siku hiyo Helios ina dakika 20 tu kwenye siku ya harusi, bibi harusi na bwana harusi peke yao kwenye miti kabla ya kwenda ukumbini. Kukata keki, mc anaita watu, zawadi, zote ni lenzi ya autofokasi na sibishani tena na mtu kuhusu hilo.

Adapta sasa. Ile ya elfu 25 ilikuwa inacheza, ukizungusha fokasi lenzi nzima inatikisika kidogo, na ndani ilikuwa inang'aa, ule mng'ao unarudisha mwanga kwenye sensa unapata doa jeupe katikati ya picha ukifunga apecha. Nilimlaumu mjomba bure kwa kutunza vibaya. Hii ya pili ndani nyeusi tii na haichezi hata kidogo. Kama bajeti ni ndogo punguza kwenye lenzi, kwenye adapta usipunguze.

Halafu fangasi. Ukanda wetu wa pwani na lenzi za zamani hawapatani, na mfuko wa ngozi ule wa Zenit unaoonekana mzuri ndo unakaa na unyevu. Ya mjomba ilikuwa na nyuzi nyuzi kama utando wa buibui kwenye kioo cha mbele kwa ndani, fundi akasafisha elfu 30, zikatoka lakini zimeacha alama hafifu kwenye kioo zisizofutika. Ukinunua ya mtu, fungua apecha yote, washa tochi ya simu pitisha mwanga kutoka nyuma, chungulia kwa mbele. Vumbi kidogo achana nalo. Mikwaruzo midogo ya mbele pia. Nyuzi nyuzi au ukungu mweupe, shusha bei sana au ondoka. Zungusha na pete ya fokasi, grisi za Kirusi zikizeeka zinakuwa nzito kama gundi, yangu asubuhi ya baridi inataka vidole viwili kwa nguvu.

Mi sasa inakaa kwenye boksi la plastiki lenye kifuniko cha kubana pamoja na pakiti za silika za kunyonya unyevu, kila wiki naitoa hata kama sina kazi napiga picha mbili tatu. Ule mfuko wa ngozi nimemrudishia mjomba, kauweka sebuleni na Zenit yake ndani, bila lenzi.