Mkaguzi wa miteremko kutoka migodi ya makaa: tumemwita Mabatini, Mwanza

Kama nyumba yako iko mlimani hapa Mwanza, iwe Mabatini, Igogo, Bugarika au Nyakabungo, soma hii kabla hujamwita fundi akuongezee kozi za ukuta. Ukuta wetu wa nyuma unaozuia udongo ulianza kutoa tumbo wakati wa masika. Mafundi waliokuja waliutazama ukuta wenyewe, wakapiga hesabu ya saruji na nondo, wakaondoka. Jirani ndiye akatuelekeza kwa mzee mmoja mstaafu aliyefanya kazi kwenye migodi ya makaa ya mawe kule Ruvuma, akikagua mifereji na kingo za mgodi. Anatoza shilingi 150,000 kwa kiwanja, nauli juu yako.

Mume wangu alimpeleka moja kwa moja kwenye ukuta. Mzee akauliza, "Wanangu, maji yenu yanatoka wapi?" Akaanza kupanda. Alipita viwanja vya watu kwa hodi na salamu mpaka kwenye mawe makubwa juu kabisa, sisi tunamfuata tukihema. Huko ndiko tulikojua shida yetu inaanzia wapi. Nyumba tatu hazina michirizi ya bati, maji yote yanamwagikia njia ya miguu, na njia imeshakuwa korongo linaloelekea nyuma kwetu. Chini ya jiwe moja kubwa udongo umeliwa hadi mkono unaingia mpaka kwenye kiwiko, na pembeni yake watu wamechimba mawe ya kuponda kokoto. Alimwita mwenye kiwanja, akamwonyesha, akamwomba kwa upole uchimbaji usimame hapo. Mwenye kiwanja alikubali.

Tukiteremka, akasimama hatua chache juu ya ukuta wetu na kufunua majani kwa fimbo. Palikuwa na ufa upana wa kidole, umelala sambamba na ukingo. Tunapita hapo kila siku kuanika nguo. Akapigilia kipande cha nondo kila upande wa ufa, akapima kwa futi ya chuma kutoka ncha hadi ncha, akatuandikia namba ukutani. Tupime kila wiki, na kila baada ya mvua kubwa. Namba ikiongezeka kidogo kidogo, tumwite. Ikianza kuongezeka kwa kasi, tutoke na watoto siku hiyo hiyo, vyombo vibaki. Mgodini ndivyo wanavyofanya, kwa sababu maji yakijaa kwenye ufa yanausukuma mteremko kwa uzito wake, na udongo uliolowa unapoteza nguvu ya kushikana.

Alitusimulia habari za Aberfan, kule Wales. Kifusi cha mgodi wa makaa kilirundikwa mlimani juu ya chemchemi, kikalowa kutoka chini, na tarehe 21 Oktoba 1966 kikaporomokea kijiji na shule. Watu 144 walikufa, 116 kati yao watoto. Alikuwa akisema haya huku anatafuta unyevu na majani mabichi kupita kiasi kwenye mteremko wetu, dalili za chemchemi. Hakuona. Mimi nilikuwa nawaza maporomoko ya tope ya Katesh, Desemba 2023, na kusema kweli nilitetemeka.

Ukuta aliufikia mwisho. Akapitisha kidole kwenye unga mweupe uliotoka kwenye viungo vya matofali: chumvi inayoachwa na maji yanayopenya kutoka nyuma. Ukuta hauna hata tundu moja la kutolea maji. Ushauri wake ni kutoboa na kuweka bomba za inchi 2, nyuma yake kokoto na kitambaa cha kuchuja ili udongo usizibe, na ukuta usiongezwe hata tofali moja. Ufa uzibwe kwa udongo wa mfinyanzi ulioshindiliwa. Juu ukatwe mfereji wa kukinga maji wenye mwinamo wa sentimita 1 hadi 2 kwa kila mita, na unaposhuka upangwe mawe kwa ngazi ili maji yapunguze kasi. Mwisho wake shimo la kutuamisha tope, kama mabwawa yanayokamata tope jeusi la makaa lisiingie mtoni. Letu litakamata mchanga ambao sasa unaenda Mto Mirongo na kuishia ziwani. Shimo hilo lazima lizolewe, alirudia mara nyingi, maana likijaa ni sawa na halipo.

Malalamiko ninayo. Ripoti ilichelewa sana, imeandikwa kwa mkono, na picha alizotuma WhatsApp nyingine ni giza tupu. Yeye hajengi wala hakadirii gharama, hivyo fundi utamtafuta mwenyewe. Na kama majirani wa juu hamwelewani, nusu ya ushauri wake hautekelezeki. Sisi tulilazimika kukaa nao na kuchangishana pesa za mfereji.

Nampa nyota nne kati ya tano. Kwa anayetaka kununua kiwanja mlimani, ningesema amlipe huyu mzee kabla ya kumlipa dalali. Mwiteni mapema, kabla ya mvua za vuli, kwa sababu zikishaanza hapatikani kirahisi, na mfereji haukatwi kwenye udongo uliolowa.