Tahadhari: kofia ya "leza" ya kuotesha nywele, nimeliwa 18,500

Jamani watu wa Mombasa, kama kipara kimeanza kukubishia hodi na umeona zile picha za kofia yenye taa nyekundu, usitume pesa kwanza.

Muuzaji wangu duka hana, ana ukurasa tu. Alisema yuko Nyali. Nilipomwambia naja, stoo ikawa imehamia Kongowea. Mwishowe kijana wa boda akaniletea Mwembe Tayari na amri yake: lipa ndipo ufungue. Nikalipa. Mnicheke tu.

Nyumbani nikafumua kitambaa cha ndani. Vitaa vyekundu kama vya kupambia harusi, vimebandikwa kwa gundi ya moto. Mwanga wa leza ukiupiga ukutani huonekana una chembechembe zinazometameta. Huu wangu ulitulia kama taa ya breki ya matatu. Dakika ya kumi ikanuka plastiki, utosi ukawaka. Leza ya nywele ni hafifu, haichomi. Kifaa cha kweli huandikwa urefu wa wimbi la mwanga wake, mara nyingi nanomita 650 hivi, pamoja na onyo la kutoitazama kwa macho. Hiki changu hakikuwa na hata herufi moja.

Kilichoniingiza mkenge hasa ni "cheti cha FDA" (mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani) chenye picha ya tai na muhuri. FDA haitoi vyeti vya usajili wa vifaa vya tiba. Vifaa hivi hupewa kibali chenye namba, kwa kawaida huanza na K, nawe unaitafuta bure kwenye tovuti yao. Sega la leza la HairMax lilipata kibali chake 2007. Nilipomdai namba hiyo akajibu, "Mzee, tumia miezi sita utaona."

Hapo ndipo ujanja ulipo. Hata kifaa halisi huchukua miezi minne hadi sita, siku kadhaa kila wiki, kwa hiyo mpaka ushtuke, ukurasa umeshabadilishwa jina. Mimi nilishtuka siku ya pili, akaniblokia.

Tena si kila upara unafaa leza. Mapunye yana dawa yake, na palipobaki kovu kwa sababu ya misuko ya kubana, leza haioteshi kitu. Muone daktari wa ngozi kabla ya muuzaji, na kuhusu kifaa chenyewe ulizia Bodi ya Famasia na Sumu.

Risiti ya M-Pesa na picha za ndani ya kofia ninazo. Kama nawe umeuziwa hii, nitumie ujumbe twende kituo cha polisi pamoja.