Bunduki ya leseni nyumbani: upekuzi wa hati na upekuzi wa dharura

Mkulima wa Sikonge au Urambo, mkoani Tabora, Tanzania, anayemiliki shotgani kihalali anabanwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015. Uwanja wa nyumba kuwa wako hakukupi ruhusa ya kuizungusha begani mbele ya wageni. Lakini hata polisi hawaingii watakavyo: Ibara ya 16 ya Katiba inalinda faragha ya maskani.

Upekuzi wa hati ndio wa kawaida. Hati, yaani kibali cha maandishi cha kupekua, hutolewa na hakimu au mkuu wa kituo, nao hufanyika mchana, isipokuwa mahakama imeruhusu usiku. Isome kwanza: jina, nyumba, kinachotafutwa.

Wa dharura hauhitaji hati, ila lazima pawe na sababu ya haraka, mfano silaha iko mbioni kufichwa. Hapa ndipo mambo huharibika. Taarifa imefika asubuhi, askari wanakuja saa tatu usiku bila hati, wakidai dharura! Mahakama ya Rufani imewahi kutupa vielelezo (vitu vilivyotolewa kama ushahidi) vilivyopatikana kwa namna hiyo.

Kwa upekuzi wa aina zote mbili, awepo shahidi huru, mara nyingi mwenyekiti wa kitongoji. Bunduki ikichukuliwa, dai stakabadhi yenye namba yake na idadi ya risasi, isainiwe papo hapo. Linganisha namba hiyo na ya leseni kabla hujasaini. Tarakimu moja ikikosewa, kurudishiwa bunduki ni kazi.

Usiishike bunduki mwenyewe. Waonyeshe kabati, ufunguo uwe mkononi. Kama hati haipo, pinga kwa maneno tu na uandike majina yao, mlango usiuzuie.