Kahawa ya kunywa nyumbani: ipi ununue kwanza, ipi ununue ukikosa

Ukitaka kahawa nzuri nyumbani kwako hapa Tanzania, tafuta punje zilizokaangwa wiki hii au wiki iliyopita, kwa mtu anayeweza kukutajia wilaya zilikotoka. Jina la mgahawa, picha ya Mlima Kilimanjaro kwenye paketi na herufi AA za rangi ya dhahabu vinafuata baadaye sana. Humu nimezipanga kahawa anazoweza kuzipata mnunuzi wa Dar es Salaam, Moshi, Arusha, Bukoba au Unguja, kuanzia ile ambayo ningempikia mgeni ninayemheshimu. Mpangilio ni wangu, ila nimeusikilizia kwa wateja wenzangu, maana mnywaji wa kahawa akikerwa na kikombe hakai kimya.

Wateja wanasema nini

Keti kwenye mgahawa wowote nusu saa utasikia maneno manne: chungu, kali, chachu, nyepesi. Watu huyatumia kama hukumu juu ya duka zima, wakati kila neno linaelekeza mahali pake.

Anayesema "kahawa yao imechacha" mara nyingi amezoea kahawa nyeusi ya kijiweni, na hapa amepewa arabika, aina ya kahawa inayolimwa milimani, ya Kilimanjaro au Arusha iliyooshwa vizuri na kukaangwa kwa kiasi. Uchachu ule ni wa tunda, na ndio unaoipa kahawa ya kaskazini jina lake duniani. Hakuna kilichoharibika. Lakini ukinywa ukahisi ladha ya nyasi au karanga mbichi, hapo mteja ana haki ya kulalamika: punje zimeiva nje, ndani bado.

"Chungu" ni habari ya moto. Ama kahawa ilikaangwa ikapitiliza, ama ilikaa jikoni ikichemka mpaka ikakasirika. "Kali" ni kitu kingine kabisa. Robusta, aina ya pili ya kahawa, ambayo kwetu inalimwa Kagera, ina kafeini karibu mara mbili ya arabika, kwa hiyo anayesema moyo ulimwenda mbio baada ya kikombe kimoja pengine alikunywa mchanganyiko wenye robusta nyingi bila kuambiwa. Na "nyepesi"? Hiyo mara nyingi ni kipimo cha mpishi. Gramu 60 kwa lita moja ya maji ni kiwango kizuri cha kuanzia, na wengi wetu tunatia nusu yake halafu tunamlaumu aliyekaanga.

Kwa hiyo mtu akikuambia kahawa ya mahali fulani ni mbovu, muulize kwanza kwake anakunywa ipi na anaipikaje. Ukishajua hayo, maoni yake yatakufaa hata kama ladha zenu hazifanani.

Jambo jingine linalowapotosha wanunuzi ni madaraja. AA, A, B na C ni ukubwa wa punje, zinazopitishwa kwenye chekeche zenye matundu ya vipimo tofauti. PB ni punje ya mviringo inayokua peke yake ndani ya tunda, badala ya mbili zilizolaliana. Ukubwa husaidia punje kuiva sawasawa motoni, lakini hauelezi zilivunwa zikiwa nyekundu au kijani, wala zilianikwa vipi. Daraja B iliyokaangwa juzi naichukua mbele ya AA iliyokaa rafuni miezi sita, bila kufikiri mara mbili. PB yetu inapendwa sana na wanunuzi wa nje, na ni nzuri, ila usikubali kulipa bei mara mbili kwa sababu ya umbo peke yake.

1. Punje kutoka mgahawa unaokaanga wenyewe

Hii ndiyo namba moja kwa anayekunywa kahawa ya kuchuja, ya presi (jagi lenye chujio la kusukuma chini) au ya espreso. Faida yake kubwa ni kwamba unaonja kikombe kabla hujanunua paketi, na aliyekaanga yuko hapohapo, umuulize. Hakuna duka lingine linalokupa nafasi hiyo.

Moshi kuna Union Café, mgahawa wa chama kikuu cha ushirika cha KNCU. Ushirika huo ulianza 1933, juu ya msingi wa chama cha wakulima Wachagga kilichoundwa 1925, na ukinunua pale unanunua kwa watu ambao kahawa inakua kwenye vihamba vyao chini ya migomba. Unguja, kwenye mtaa wa Mkunazini ndani ya Mji Mkongwe, kuna Zanzibar Coffee House, ambao kahawa yao inatoka shamba la Utengule, Mbeya. Arusha na Dar jina la Msumbi linajulikana na wanywaji wengi. Na kila mwaka wanachomoza wakaangaji wadogo wenye mashine ya kilo chache, hasa Dar na Arusha. Hawa nawapenda kwa sababu wanakaanga kidogokidogo, na mzigo hauzeeki mikononi mwao.

Ukifika, agiza kikombe cheusi bila maziwa wala sukari, hata kama nyumbani unakunywa na maziwa. Kapuchino huficha mengi. Kiache kipoe kidogo, onja tena. Kahawa iliyokaangwa vibaya hujitangaza inapopoa: uchungu unakwama nyuma ya ulimi na harufu inakuwa ya majivu. Iliyokaangwa vizuri huzidi kuwa tamu.

Kisha uliza imekaangwa lini. Taka tarehe. Kuna mgahawa mmoja Dar niliambiwa "ni freshi hiyo, bosi" mara mbili mfululizo, na nilipogeuza paketi hapakuwa na tarehe yoyote zaidi ya ile ya kuisha muda, miaka miwili mbele. Nikairudisha rafuni. Mkaangaji anayejiheshimu huandika tarehe kwa kalamu ya wino mzito kama hana hata mhuri.

Kahawa ya leoleo nayo usiikimbilie. Ikitoka motoni hutoa hewa ya kaboni dayoksaidi kwa siku kadhaa, ndiyo maana mifuko mizuri ina kitundu kidogo cha plastiki chenye vali ya kutolea hewa. Ukiipika siku hiyohiyo inafura povu na ladha inakuwa ya kuchoma. Ipe siku tatu au nne, kisha imalize ndani ya mwezi.

Uliza pia wilaya. Kwa ulimi wangu, Kilimanjaro na Arusha zina uchachu safi na zinanywewa vizuri asubuhi. Mbinga na Mbozi zina utamu zaidi na hazimtishi anayeanza. Kigoma nako kuna arabika nzuri ambayo watu wa Dar wanaisahau kabisa, ukiikuta ichukue. Akikujibu "ni ya Tanzania" na kuishia hapo, basi naye hajui, na bei yake iwe ya mtu asiyejua.

Lalamiko kubwa la wateja hapa ni bei. Lina ukweli, lakini lipige hesabu: paketi ya gramu 250 kwa gramu 15 kila kikombe inakupa vikombe 16. Gawanya bei kwa 16, linganisha na kikombe kimoja cha mgahawani, uamue mwenyewe. Lalamiko la pili naliona zito zaidi: paketi ya mwezi huu kutofanana na ya mwezi uliopita. Kwa wakaangaji wadogo hilo hutokea. Rudi uwaambie, mzuri atakusikiliza na kukuonjesha.

2. Kahawa ya sokoni, ikisagwa mbele yako

Kama kahawa kwako ni ile ya kikombe kidogo kisicho na mkono, na kashata pembeni, basi hii ipande iwe ya kwanza na ile ya mgahawa ishuke. Hiyo ndiyo iitwayo kahawa chungu, nayo inataka mkaango mweusi na punje zenye uzito, na robusta ya Kagera inaiweza kazi hiyo kuliko arabika ya bei mbaya.

Kwenye soko la Kariakoo, Dar, au Darajani, Unguja, mwambie muuzaji afungue gunia, uchote kiganjani. Punje nyeusi zitakuwa na mng'aro wa mafuta. Huo ni mkaango wake, si kasoro. Zinuse. Mafuta yaliyokaa siku nyingi kwenye joto la pwani hunuka kama mafuta ya kupikia yaliyochoka, na pua haikosei hapo. Vunja punje moja kwa kucha: ikatike kwa mlio, na ndani iwe na rangi ileile ya nje au iliyopungua kidogo. Ukiona nyingi zimebaki rangi ya mchanga katikati ya nyeusi, tunda lilichumwa likiwa bichi, na kahawa itakuwa na ladha ya karatasi.

Kisha angalia mashine. Nyingi za sokoni zinasaga pia pilipili manga, iliki na mdalasini. Mwombe apitishe kiganja kimoja cha kahawa kwanza akitupe, ndipo asage yako. Iliki na tangawizi utatia mwenyewe nyumbani, kwa kiasi unachotaka.

Kuna wanaochanganya nafaka zilizokaangwa ili kilo ijae. Chukua kijiko cha unga, nyunyiza juu ya glasi ya maji baridi, usikoroge. Kahawa tupu huelea kwa muda na maji hubadilika rangi polepole. Nafaka huzama upesi, na maji hubadilika rangi mara moja.

Kama huna duka la kuanzia, nenda kwa muuza kahawa wa kijiweni, yule anayezunguka na birika lake juu ya makaa. Muulize ananunua wapi. Mtu huyu akipika kahawa mbaya leo jioni, wazee wa bao wanamwambia leoleo, kesho hawanywi. Hakuna maoni ya mteja ninayoyaamini kuliko hayo. Kwa Unguja, pita Jaws Corner, kijiwe cha kahawa cha Mji Mkongwe, jioni, kunywa, kisha uliza.

3. Buni mbichi, ukakaange mwenyewe

Kwa harufu haina mpinzani, na ikiwa mbichi hukaa miezi bila kuharibika mahali pakavu. Tumia chungu au kikaango kizito, moto wa wastani, mwiko usitulie. Utasikia punje zikilia kwa mara ya kwanza. Hapo zimefika mkaango mwepesi, na kila dakika unayoongeza unaelekea kwenye weusi. Ziepue kabla hazijafika unapotaka, kwa sababu joto lake linaendelea kuzipika, zipepete upesi zipoe na maganda yaruke. Fanyia nje, moshi ni mwingi. Ujue pia kilo moja ya buni haitoki kilo: inapungua asilimia 15 hadi 20.

Nimeiweka ya tatu kwa sababu ya ununuzi wake. Biashara ya kahawa mbichi ina leseni na njia zake kupitia vyama vya msingi, na kahawa ya bei ya kutupa inayouzwa kimyakimya huenda imetoka kwa mkulima aliyebanwa na shida. Kagera wanaijua butura, mtu kuuza mavuno yangali mtini kwa sababu ya ada au ugonjwa. Nunua kwa muuzaji anayejulikana na akupe risiti.

4. Paketi ya supamaketi

Inafaa, ukichagua kwa jicho. Chukua punje, acha ya kusagwa. Unga hupoteza harufu upesi kuliko punje, hasa paketi ikishafunguliwa. Iache paketi yenye dirisha la plastiki angavu, hasa ikiwa rafu inapigwa na jua. Wateja wanaisifu kwa kuwa haibadiliki, paketi ya leo ni ya jana, na hilo ni kweli. Msimu wa mavuno kaskazini ni Julai hadi Desemba, kwa hiyo mwanzoni mwa mwaka una nafasi nzuri ya kukuta kahawa ya msimu mpya.

5. Ya kuyeyuka

Africafe ya mkebe imelea nyumba nyingi, na kiwanda cha TANICA kiko Bukoba, jirani na mashamba yenyewe. Soma kama imeandikwa kahawa tupu. Vile vipaketi vilivyochanganywa na sukari na maziwa ya unga ni kinywaji kingine. Kwenye maziwa ya moto inapendeza, ofisini inakuokoa. Ukiwa na birika na dakika tano, panda juu.

Kabla hujaondoka na paketi

Mwambie anayekusagia chombo unachotumia. Presi inataka chembe nene kama chumvi ya mawe, chujio la karatasi chembe za kati, birika la moka laini zaidi, na kahawa chungu unga kabisa. Maji ya Dar yakichemka yapumzishe nusu dakika. Arusha, ambako maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi kwa sababu ya mwinuko, mimina moja kwa moja. Nyumbani tia kahawa kwenye kopo linaloziba hewa, kabatini, mbali na jiko. Friji iache kwa samaki: kila ukitoa kopo linapata umande, na kahawa hubeba harufu ya chochote kilicho jirani yake.