Katikati ya Nairobi kwa miguu: kutoka KICC hadi stesheni ya reli

Wageni wengi wanaofika Nairobi hupelekwa moja kwa moja Lang'ata kulisha twiga, na katikati ya jiji wanaiona kupitia dirisha la gari tu. Ni hasara kubwa. Sehemu nne nzuri za kutembelea zimefuatana kwenye njia moja, kuanzia City Hall Way, kuteremka na Moi Avenue hadi stesheni ya reli. Kati ya moja na nyingine ni mwendo wa kama dakika kumi, na siku moja inatosha. Chagua siku ya kazi: Archives, yaani hifadhi ya nyaraka za taifa, haifunguliwi Jumapili, na Jumamosi ni nusu siku.

Anza KICC, jumba la mikutano ya kimataifa, na uwahi asubuhi. Jengo lina ghorofa 28 na urefu wa mita 105. Lilichorwa na Karl Henrik Nøstvik wa Norwe pamoja na David Mutiso, na ujenzi ulianza 1967 ukamalizika 1973. Awali lilikusudiwa kuwa makao makuu ya chama cha KANU. Mkutano wa Benki ya Dunia na IMF wa 1973 ndio uliolikuza hadi likawa jumba la mikutano. Lifti haifiki kileleni, kipande cha mwisho ni ngazi, kwa hiyo mwenye magoti mabovu ajipange. Juu ni uwanja wa helikopta, wazi pande zote. Chini yako kuna Bunge na mnara wake wa saa, kusini Mbuga ya Taifa ya Nairobi, na kusini-magharibi Milima ya Ngong. Hewa ikiwa safi sana, Mlima Kenya nao huonekana upande wa kaskazini, lakini mawingu huufunika mapema. Ukipanda saa sita mchana utaona mabati na ukungu.

Kinachowaangusha watu hapa ni mambo mawili. Kwanza, kukiwa na mkutano mkubwa wageni wa kawaida huzuiwa, kwa hiyo uliza getini kabla ya kupanga siku yako. Pili, raia na mgeni hawalipi bei moja. Ukisahau kitambulisho nyumbani, usishangae kutozwa ya mgeni. Ukishashuka, usikimbilie barabarani. Simama uani, karibu na sanamu ya Jomo Kenyatta aliyeketi, ulitazame jengo lenyewe: mnara wa pembe nyingi wenye rangi ya chungu cha udongo, na pembeni yake ukumbi wenye paa lililochongoka kama pia.

Inayofuata ni Archives, na kwetu hii ndiyo bora kuliko zote. Kila Mnairobi amewahi kumwambia mtu "tupatane Archives", wakakutana nje na wakaenda zao. Ingia. Jengo lilikuwa benki zamani, na sakafu ya chini imejaa mkusanyiko wa Joseph Murumbi, aliyekuwa makamu wa pili wa rais wa Kenya mwaka 1966: vinyago, vigoda, silaha, nguo, vito na michoro kutoka pande nyingi za Afrika. Maelezo kwenye vibao ni mafupi mno kwa hazina kama hii, na hiyo ndiyo dosari yake kubwa. Tenga saa nzima na usogee karibu na kila kioo. Kiingilio ni kidogo. Ukitoka, sanamu iliyo mbele ni ya Tom Mboya, waziri aliyepigwa risasi hatua chache kutoka hapo tarehe 5 Julai 1969. Eneo hili lina msongamano na wanyakuzi wa simu, kwa hiyo piga picha upesi, kisha simu irudi mfuko wa mbele. Askari na mageti ya Bunge usiyapige picha kamwe.

Teremka na Moi Avenue hadi inapokutana na Haile Selassie Avenue. Bustani ya kumbukumbu ya Agosti 7 iko pale pale ubalozi wa Marekani ulipolipuliwa mwaka 1998, siku moja na ule wa Dar es Salaam. Nairobi walikufa watu 213, na Wamarekani walikuwa 12 tu. Majina yako ukutani, yasome. Kabla ya mlipuko mkuu kulisikika kishindo kidogo, watu wa ofisi za jirani wakakimbilia madirishani kuchungulia, ndipo vioo vikawarukia usoni. Ndiyo maana wengi walionusurika walipoteza macho. Nusu saa inatosha, na simu iwe kimya.

Makumbusho ya Reli yako nyuma ya stesheni. Hapa kuna garimoshi la mvuke nambari 5918, Mount Gelai, lenye uzito wa tani 252, lililoundwa Manchester na kuvuta mizigo kati ya Mombasa na Nairobi. Lakini tafuta behewa dogo la mbao, nambari 12. Mwaka 1900 ofisa wa polisi Charles Ryall alilala ndani yake huko Kima, akimvizia simba aliyekuwa akila watu. Zamu ya kukesha ilikuwa yake, usingizi ukamchukua. Simba aliingia mlangoni, uzito wake ukaliinamisha behewa na mlango ukajifunga, akatoka na Ryall kupitia dirishani. Simama mbele ya dirisha hilo upime upana wake kwa mikono.

Makumbusho ya Taifa hayamo kwenye njia hii. Yape nusu siku ya peke yake, kwa ajili ya mifupa ya Mvulana wa Turkana, binadamu wa kale, iliyogunduliwa na Kamoya Kimeu mwaka 1984. Malipo ya huko, kama ya mbuga, hupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, hivyo simu iwe na chaji na M-Pesa iwe na pesa.

Ukitoka kwenye reli uko karibu na steji ya matatu 125 na 126 zinazopita lango kuu la mbuga, barabara ya Lang'ata. Kesho yake zitakufikisha langoni, lakini ndani ya mbuga huingii bila gari. Asiye na gari aingie Safari Walk, sehemu ya kutazama wanyama iliyo hapo hapo langoni na hutembelewa kwa miguu. Tembo wa porini usiwatarajie: mbuga hiyo haina.