Kitalu cha miche ya asili, njia ya Hombolo: kupanga wanajua, miche ikagueni

Shamba langu la zabibu linaishia kwenye korongo linalomwaga mto Kinyasungwe, na ukingo wote ulishamezwa na mlusina, mti wa kigeni unaosambaa haraka. Nikawaita jamaa wa kitalu kimoja njia ya Hombolo, hapa Dodoma, wanipangie kuung'oa na kurudisha miti ya asili. Jina silitaji kwa kuwa lawama zipo, ila watu wa huku mtawajua.

Kwenye kupanga, nawavulia kilemba. Fundi mwingine alikuwa tayari kuleta vijana wafyeke ukingo mzima kwa siku moja. Bwana miti wa hawa alianza kwa kupandisha korongo hadi mlusina wa juu kabisa ulipo, maana mbegu zinasafiri na maji: ukisafisha chini ukaacha juu, mvua ijayo inakuletea nyingine. Akagawa ukingo vipande, kila msimu kipande chake, ili mvua za Desemba zisikute udongo mtupu. Midogo ing'olewe na mzizi ardhi ikiwa na unyevu. Mikubwa ikatwe kabla maganda ya mbegu hayajakauka, kisha kisiki kichimbuliwe. Dodoma tunahubiriwa kisiki hai, yaani kutunza visiki vichipue tena, kila kukicha. Mlusina hauhitaji mahubiri, ukiukata tu unachipua! Mbegu nazo hukaa ardhini hata zaidi ya miaka 10, kwa hiyo palizi za kurudia waliziweka kwenye bei tangu mwanzo. Kupuliza dawa karibu na maji walikataa.

Walikaa pia na majirani wafugaji, maana mlusina ni chakula cha mbuzi. Majani yote yaliyokatwa yalienda kwao, nao wakakubali kuweka mbuzi mbali na miche. Kwa hilo tu, hela yangu sijutii. Halafu wakanipimia mita 60 kutoka kwenye maji, zinazolindwa na Sheria ya Mazingira ya 2004, mistari miwili ya mizabibu ikaangukia ndani. Iliniuma, lakini afadhali kuambiwa na fundi kuliko na afisa.

Sasa miche. Waliahidi kuileta mvua za kwanza, ikaja Februari, na mvua zetu ni msimu mmoja tu. Mikuyu ya vipandikizi haina neno, imeshika. Shida ni mikababu. Mti huu unafuata maji chini sana, unataka mzizi mkuu ulionyooka. Nilipochana kiriba, ule mfuko wa mche, nikakuta mzizi umegota chini, umejisokota mizunguko mitatu, mweusi nchani. Imekaa kitaluni mno. Napiga simu naambiwa, "Mama, hiyo tumekuchagulia mikubwa mikubwa." Nusu wamebadilisha, nusu bado tunavutana.

Nyota tatu. Mkienda, oda wekeni Oktoba, msilipe yote, na kiriba kimoja kichanwe mbele yenu kabla gari halijapakiwa.