Tathmini ya rivaroksabani kwa mwanamume mwenye hali ya Klinefelter

Nilizaliwa na kromosomu X ya ziada, hali iitwayo Klinefelter, ambayo humpata takriban mwanamume mmoja kati ya 600, na wengi huzeeka nayo bila kuijua. Tafiti zimeonyesha kwamba hatari ya damu kuganda miguuni au mapafuni kwetu ni kubwa mara kadhaa kuliko kwa wanaume wengine. Donge lilipoziba mshipa wa mguu wangu wa kushoto, nilianzishiwa warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, kisha daktari akanihamishia rivaroksabani, dawa nyingine ya kazi hiyohiyo, ambayo ndiyo ninayoitathmini hapa.

Kwa urahisi wa matumizi, sina la kulalamikia. Warfarini hudai kipimo cha INR, yaani cha kasi ya damu kuganda, mara kwa mara ili kibaki kati ya 2 na 3, na ukizidisha ghafla kisamvu au mchicha, kipimo hicho huyumba. Rivaroksabani haina masharti hayo: mimi humeza kidonge kimoja cha miligramu 20 kwa siku, ingawa anayeanza nayo moja kwa moja humeza miligramu 15 mara mbili kwa siku kwa siku 21 za mwanzo.

Kasoro niliyoiona ni ya huduma zaidi kuliko dawa. Duka la dawa lilinipa vidonge katika bahasha ndogo iliyoandikwa "1×1" tu, ilhali vidonge vya miligramu 15 na 20 havifyonzwi vizuri tumboni bila chakula, na chai ya rangi na andazi, kwa maoni yangu, si chakula cha kutosha. Kidonge changu nimekihamishia kwenye ugali wa jioni. Wala hakuna aliyeniuliza kama nachomwa sindano za testosteroni, homoni ya kiume, ambazo wengi wetu huzitumia na ambazo huongeza wingi wa chembe nyekundu na kuifanya damu iwe nzito. Hematokriti, yaani sehemu ya damu iliyo chembe nyekundu, ikizidi asilimia 54, mwongozo wa kitabibu unataka sindano zisitishwe kwanza. Muuzaji angepaswa pia kuuliza kuhusu diklofenaki, dawa ya maumivu inayoongeza hatari ya kutoka damu, na rifampisini ya kifua kikuu, inayoidhoofisha rivaroksabani.

Bei yake ni kubwa mno ikilinganishwa na ya warfarini. Ukiona fedha za mwezi ujao hazitatosha, mwone daktari kabla vidonge havijaisha ili akurudishe kwenye warfarini kwa utaratibu, kwa sababu kinga ya rivaroksabani hutoweka takriban siku moja baada ya kuiacha.